Mazoezi Yanapoanza Kula Sahani

Kila asubuhi utawaona wafanya mazoezi Arboretum na Uhuru Park jijini Nairobi, viatu vipya miguuni, jasho likiwatiririka. Hongera zao. Leo tunamzungumzia yule anayeanza mazoezi, kisha sahani yake inaanza kupungua. Kwanza anaacha chapati, halafu ugali, mwishowe anachezea sukuma wiki na kudai alishakula kazini. Akionja andazi moja, lazima akimbie tena jioni kulilipia, hata kama goti linauma. Hiyo si nidhamu tena.

Kizunguzungu, kuhisi baridi kila mara na hedhi kukatika ni dalili za mwili unaokosa nguvu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hiyo mwaka 2014, na wanaume pia huathirika.

Sisi nasi tunachochea: “Umepungua, umependeza!” Wengine husema ni maradhi ya matajiri wa Lavington. Si kweli, hata katika mtaa wa kipato cha chini wa Kawangware yapo.

Mzazi, ukiona dalili hizi kwa mwanao, usimgombeze wala usimlazimishe kupanda mizani. Muulize kwa upole anakulaje na analalaje, kisha mpeleke kwa daktari au mtaalamu wa lishe mapema, kabla hajaanguka.