Kadi ya TB na Swali la Sigara

Msikilizaji, mgonjwa wa kifua kikuu anapoanza dawa hapa Tanzania, jina lake linaingia kwenye rejesta, anapewa kadi yenye tarehe ya kurudi, na asipofika anatafutwa. Kwa wengi safari hiyo ni ya miezi sita. Utaratibu huu ulikomazwa hapahapa kwetu. Mwaka 1977 nchi ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, na Dakta Karel Styblo, akifanya kazi na wataalamu wa Kitanzania, akaonesha kwamba hata nchi yenye fedha kidogo inaweza kukaa na mgonjwa mpaka apone. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likauchukua mfumo huo na kuueneza ulimwenguni.

Sasa mgonjwa huyohuyo akitoka dirisha la dawa, akasimama dukani kwa Mangi na kununua sigara moja, nani anamfuatilia? Moshi wa sigara unadhoofisha ulinzi wa mapafu. Mvutaji yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua TB, na akishaugua, hatari ya kufa au ya kuugua tena baada ya kutibiwa inamkalia karibu kuliko asiyevuta. Tunahesabu vidonge kwa uangalifu mkubwa, na sigara tunaiacha ipite kana kwamba ni mambo ya mgonjwa na nyumba yake.

Katika vyumba vingi vya kliniki, sigara ikitajwa, inatajwa kwa ukali. "Wewe bado unavuta? Unataka kufa?" Mgonjwa anajibu haraka kwamba ameshaacha, kwa sababu hakuna mtu mzima anayependa kukaripiwa huku wenzake wakisikia mlangoni. Hapo mazungumzo yamekwisha, na ukweli haukusemwa. Hebu sikia namna nyingine: "Shikamoo mzee. Kifua kinaendeleaje? Ukiamka asubuhi, sigara ya kwanza unaivuta baada ya muda gani?" Swali hilo la mwisho lina kazi kubwa. Mtu anayewasha sigara ndani ya nusu saa tangu aamke amefungwa sana na nikotini, na akiacha ghafla bila msaada arosto itambana. Muuguzi ameshapata kipimo, na hakumvunjia mzee heshima.

Wapo wahudumu wanaosema foleni ni ndefu, muda wa kushauri hawana. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Mwaka 1979 Michael Russell na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika London kwa madaktari 28 na wavutaji zaidi ya 2,000. Kati ya wavutaji ambao hawakuambiwa lolote, asilimia 0.3 tu walikuwa wameacha na kudumu hadi mwaka ulipotimia. Walioshauriwa na daktari kwa dakika moja au mbili walifika asilimia 3.3. Na wale ambao juu ya ushauri huo walipewa kipeperushi na kuambiwa kwamba watafuatiliwa, walifika asilimia 5.1. Watu watano katika mia wanaonekana wachache, mpaka ukumbuke ni wagonjwa wangapi wanapita mbele ya tabibu mmoja kwa mwaka. Nami naona uzito mkubwa katika lile neno la kufuatiliwa, kwa sababu ndilo kliniki zetu za TB tayari zinalijua kuliko mtu yeyote.

Basi mgonjwa akikubali kuacha, wapange siku pamoja, na siku hiyo iandikwe kwenye kadi yake. Aonwe tena ndani ya wiki ya kwanza, au apigiwe simu, kwa kuwa wiki hiyo ndiyo wengi hurudi nyuma. Aambiwe mapema yatakayompata: hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, njaa, pengine hata kikohozi kuongezeka kwa muda, asije akadhani kuacha ndiko kunakomuumiza. Aambiwe kwamba ile kiu ya sigara hupanda na kushuka ndani ya dakika chache, hata asipovuta. Kama sigara yake inakwenda na kahawa ya kijiweni, kwa siku hizo za mwanzo kahawa ainywe nyumbani. Na akiteleza akavuta, asifukuzwe wala asisimangwe. Mgonjwa wa TB aliyekatisha dawa tunamrudisha. Huyu naye arudishwe.

Dawa za kusaidia zipo. Plasta na jojo zenye nikotini ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009, na mwaka 2021 zikaongezwa bupropioni na vareniklini. Nikotini ndiyo inayomfunga mvutaji, lakini kinachomuua zaidi ni moshi, kwa hiyo kumpa nikotini bila moshi kwa wiki kadhaa ni tiba. Tatizo ni kwamba zahanati ya kijijini usitegemee kuzikuta, na famasi ya mjini bei yake inamshinda mtu wa kipato cha siku. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na ibara ya 14 ya mkataba huo inazitaka nchi kuwasaidia watu waache. Naiomba Wizara ya Afya ianze na kliniki za TB: dawa hizi zifike huko, na rejesta iwe na safu ya sigara inayojazwa kila mgonjwa anaporudi.

Nawe unayenisikiliza ukiwa na kadi yako mfukoni, usingoje safu hiyo ichorwe. Siku yako ya kliniki ikifika, kabla hujapokea dawa, mwambie nesi: navuta, na nataka kuacha, nisaidie. Kisha muulize tarehe ya kurudi kwa ajili ya hilo.