Mota Ipi Halali? Kusoma Kanuni za Mashindano ya Roboti ya Wanafunzi

Mada kwa semina ya walimu na wazazi wa timu za roboti, Al Khoudh, Maskati

Utangulizi

Hapa Al Khoudh ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos tangu 1986, na roboti za mashuleni ni njia mojawapo ya kijana kuuonja uhandisi kabla hajafika huko. Mada yangu inahusu kitu kinachoweza kuikwamisha timu siku ya ukaguzi: mota. Hoja yangu ni kwamba kanuni za mota ni orodha ya vinavyoruhusiwa. Kutokatazwa hakutoshi.

Mota ipi?

Shindano la FIRST Tech Challenge hutaja mota zinazokubalika kwa mtengenezaji na modeli. Mota mbili za volti 12 zinaweza kufanana kwa umbo na nguvu, moja ikapita na nyingine ikakataliwa kwa kuwa haimo katika orodha. Shindano jingine, FIRST Robotics Competition, hufika mbali zaidi: hutaja hata mota ndogo ya mtetemo iliyomo ndani ya kifaa cha kompyuta. Kama kitu kidogo hivyo kimehitaji kibali cha maandishi, mota ya dukani isiyotajwa haina pa kujitetea.

Ngapi?

Hesabu nayo ina kipimo chake. Wengi bado husema roboti ya mashindano ya VEX V5 haizidi mota nane. Tangu msimu wa 2023–2024 kinachohesabiwa ni wati, na kikomo ni 88. Mota nane za wati 11 zinafika hapo. Lakini sita za wati 11 pamoja na nne za wati 5.5 nazo ni 88, na hizo ni mota kumi. Katika FIRST Tech Challenge, sevo (mota ya kugeuza kitu hadi pembe maalumu) huhesabiwa mbali na mota, hata sevo inayozunguka mfululizo.

Imeguswa?

FIRST Robotics Competition huruhusu kukata waya wa mota na kurekebisha mhimili wake ili uungane na gia. Mota ya V5 huruhusiwa kubadilishwa katriji ya gia. Ruhusa hizo zisivutwe hadi kufungua mota na kusuka upya koili zake.

Imeungwa vipi?

Katika kitengo cha Future Engineers cha mashindano ya World Robot Olympiad, gari haliruhusiwi kuendeshwa kwa mota moja gurudumu la kushoto na nyingine la kulia, kila moja kivyake. Shabaha ni gari lenye usukani, kama la barabarani. Hapo mota ni halali, idadi ni halali, na gari bado halifai.

Mapendekezo

Kwanza, timu isome kanuni za msimu huu kabla ya kununua mota, ianzie kwenye fasili za maneno, kisha marekebisho ya kanuni hizo. Pili, kila mota iwekewe rekodi: modeli, risiti, na namba ya kanuni inayoiruhusu. Tatu, penye utata, swali lipelekwe mapema kwa waandaaji, na jibu rasmi lichapishwe, timu iende nalo kwenye ukaguzi.

Walimu wenzangu, tuwaachie wanafunzi wenyewe kazi ya kumweleza mkaguzi. Mwanafunzi anayeweza kuonyesha kifungu kinachoiruhusu mota yake ameshajifunza nusu ya uhandisi.