JALADA NI AMANA: MAFUNZO KUTOKA TAASISI YA KUMBUKUMBU YA TAIFA YA POLAND

(Matini ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi)



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya namna taifa linavyoweza kuchunguza na kukumbuka dhulma zilizotendwa na dola. Mas-ala haya ni mazito, na yakisemwa kwa ujumla tu hayamfai msikilizaji. Kwa hivyo nimechagua mfano mmoja, nao ni Taasisi ya Kumbukumbu ya Taifa ya nchi ya Poland.

Huenda mtu akauliza: Poland na sisi, wapi na wapi? Jawabu moja ipo Tengeru, karibu na Arusha. Katika miaka ya 1940 na 1941 Umoja wa Kisovieti uliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya raia wa Poland na kuwapeleka Siberia na Asia ya Kati. Waliojaaliwa kutoka walipitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 maelfu yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, waliletwa Afrika ya Mashariki. Kambi ya Tengeru peke yake ilipokea watu wapatao 5,000. Makaburi ya waliofia hapo yapo hadi leo. Lakini huko kwao, katika miaka ya utawala wa kikomunisti, sababu iliyowafikisha watu wale Afrika haikuweza kusemwa hadharani.

Utawala huo ulianguka mwaka 1989. Tarehe 18 Disemba, 1998 ilitungwa Sheria ya kuunda Taasisi hii, nayo ikaanza kazi mwaka 2000. Ilikabidhiwa mambo matatu: kuhifadhi majalada ya polisi wa siri, kuchunguza, kwa kutumia waendesha mashtaka wake yenyewe, jinai za Wanazi na za watawala wa kikomunisti, na kuwafundisha wananchi historia yao. Baadaye iliongezewa kazi ya kutafuta mabaki ya watu waliouawa na kuzikwa pasipo alama.

Chukueni mfano wa Danuta Siedzikówna, msichana muuguzi aliyewahudumia wapiganaji waliopinga utawala mpya. Aliuawa kwa hukumu ya mahkama katika mji wa Gdańsk tarehe 28 Agosti, 1946, naye bado hajatimiza miaka 18. Jamaa zake hawakuoneshwa kaburi. Mabaki yake yalifukuliwa mwaka 2014, yakathibitishwa kwa vipimo vya vinasaba, na akazikwa kwa heshima tarehe 28 Agosti, 2016, baada ya miaka 70 kamili.

Ndugu Watumishi wa Serikali,

Kazi zote hizo zinategemea kitu ambacho sisi tunakishika kila siku, nacho ni karatasi. Mwaka 1989, polisi wa siri walipoona mambo yanabadilika, waliteketeza majalada mengi. Hata hivyo, nyaraka ambazo Taasisi inazihifadhi zimejaza rafu zenye urefu wa takriban kilomita 90. Raia aliyepelelezwa anaweza kuomba asome yaliyoandikwa juu yake. Lakini aliyechomewa jalada lake hana pa kuanzia. Yule aliyetia kiberiti aliwadhulumu watu hao mara ya pili.

Sasa nije kwenye mtihani mkubwa zaidi. Kuchunguza dhulma ya mgeni au ya adui ni jambo jepesi. Ugumu huja pale ushahidi unapowaelekea watu wako mwenyewe. Katika mji mdogo wa Jedwabne, tarehe 10 Julai, 1941, Mayahudi walikusanywa, na wengi wao wakachomwa moto ndani ya banda la nafaka. Kwa miaka mingi jiwe la ukumbusho lilisema kuwa waliotenda ni Wajerumani. Taasisi ilisoma kumbukumbu za kesi za zamani, na mwaka 2001 sehemu ya makaburi ikafukuliwa. Mwaka 2002 ilitangaza kwamba waliouawa hawapungui 340, na kwamba, ingawa Wajerumani ndio waliochochea, waliotenda kwa mikono yao ni wakaazi wa Kipolandi wa mji ule na vijiji vya jirani. Wengi walikasirika, na wapo wasioridhika mpaka leo. Lakini Taasisi iliyosema hivyo ilikuwa ni ya Poland yenyewe, na ndiyo maana neno lake likawa na uzito.

Si kwamba Taasisi hiyo haina dosari. Mwaka 2005 orodha ya majina zaidi ya laki moja kutoka katika hifadhi yake ilivuja. Ndani yake walichanganywa maafisa wa polisi wa siri, wapelelezi wao, na watu ambao walifikiriwa tu kuajiriwa bila ya wao wenyewe kujua. Watu wasio na hatia wakatazamwa kwa jicho baya na majirani zao. Aidha, mapema mwaka 2018 Sheria ya Taasisi ilirekebishwa ili anayelihusisha taifa la Poland na jinai za Wanazi, kinyume na ukweli, aweze kufungwa hadi miaka mitatu. Kukawa na malalamiko makubwa ndani na nje, na mwezi wa Juni mwaka ule ule adhabu hiyo ikafutwa. Kumbukumbu inayolindwa kwa kitisho cha jela huwatia watu khofu ya kuuliza, na pasipo kuulizwa hapana uchunguzi.

Ndugu zangu,

Karani wa masjala asiione kazi yake kuwa ni ndogo. Waraka anaoutia nambari leo, huenda miaka 50 ijayo ukawa ndio shahidi pekee wa mjane au yatima. Kwa hivyo tusichane karatasi kwa sababu inamwaibisha mkubwa. Tusiongeze neno katika dokezo ambalo hatukulisikia. Wala tusilitoe jalada la mtu likasomwa barazani. Jalada ni amana, na mwenye amana ni mwananchi.