Mashine Mbili, Jibu Moja

Juzi hapa Singida nilisoma makala ya kamusi elezo kuhusu kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometa ya tungamo. Maneno mazito, maana haishikiki. Mkulima wa karanga angeifunga mara moja.

Mimi ningeandika hivi: mashine ya kwanza hutenganisha vilivyochanganyika, kama ungo utenganishavyo karanga na maganda, ya pili hupima uzito wa chembe za kila kimoja, ikakitambua. Ndivyo sumukuvu, isiyoonekana kwa macho, hugunduliwa hata ikiwa kidogo mno.

Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, majirani zetu. Elimu isiyoeleweka haimwokoi mtu. Tuiandike upya makala hiyo.