KIKARATASI KISICHO NA JINA

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo

 

Juzi mzee mmoja aliniuliza: "Mwalimu, habari za pamba tumekwisha soma. Habari za choo na maji ya kuchemsha tumekwisha soma. Je, hadithi hakuna?" Hadithi ipo, mzee wangu. Leo nitawaeleza kitabu cha vijana kilichoandikwa na mama mmoja wa Uingereza, Diana Wynne Jones. Kilitoka mwaka 1982. Jina lake ni Witch Week, yaani Wiki ya Wachawi.

Naona wengine mnaguna. Afisa wa elimu analeta mambo ya uchawi! Ngojeni kwanza.

Mama huyu alizaliwa London mwaka 1934. Wazazi wake walikuwa watu wa elimu, waliendesha kituo cha mafunzo katika mji mdogo wa Thaxted. Lakini watoto wao walikuwa na vitabu haba sana, kwa kuwa baba alikuwa mgumu wa kutoa fedha. Basi binti akashika kalamu, akawaandikia wadogo zake wawili hadithi. Ndivyo alivyoanza, akaendelea kuandika mpaka alipofariki mwaka 2011. Ninyi mnaijua njaa ya kumaliza kisomo halafu ukakosa cha kusoma.

Sasa sikilizeni hadithi yenyewe. Kuna shule ya bweni, inaitwa Larwood House. Nchi ni Uingereza, lakini siyo Uingereza hii tunayoijua. Huko uchawi upo kweli, na sheria inasema mchawi achomwe moto. Wengi wa watoto wa shule hiyo ni yatima, wazazi wao walichomwa. Siku moja Mwalimu Crossley anasahihisha madaftari ya jiografia. Katikati yake anakuta kikaratasi. Kinasema kwamba katika darasa lile mmoja ni mchawi. Hakina jina la mwandishi.

Basi, amani imekwisha. Kila mtoto anamtazama mwenzake. Na wanaanza na nani? Wanaanza na yule asiyependwa. Kuna msichana mnene, Nan Pilgrim, hawezi kupanda kamba katika mazoezi, wenzake humcheka. Kuna Charles Morgan, mvulana wa kununa, hana rafiki. Hao ndio wanaonyoshewa vidole. Watoto wazuri wa sura, wenye marafiki wengi, hakuna anayewashuku. Mwandishi amewaona watu vizuri hapo.

Charles anapogundua kwamba yeye mwenyewe ana uchawi, anaweka kidole chake kwenye moto wa mshumaa. Kwa nini? Ili akumbuke jinsi moto unavyouma, asithubutu kuutumia. Mtoto wa shule, ndugu zangu!

Tena hapo shuleni kila mwanafunzi lazima aandike habari zake katika daftari kila siku, na walimu huzisoma. Matokeo yake ni nini? Hakuna anayeandika ukweli. Charles anaandika kwa mafumbo, neno la kawaida lina maana anayoijua yeye peke yake. Kalamu ikisimamiwa na hofu hufanya hivyo.

Mtauliza, Uingereza ya namna hiyo iko wapi? Hapa ndipo penye utamu. Mwandishi anasema dunia ziko nyingi, zimekaa sambamba. Fikirini njia panda. Wewe ukienda kulia, kuna wewe mwingine amekwenda kushoto. Vita vikishindwa katika dunia moja, katika nyingine vimeshinda. Katika dunia yetu, usiku wa tarehe 4 kuamkia 5 Novemba 1605, mtu aitwaye Guy Fawkes alikamatwa chini ya Bunge la London akiwa na mapipa 36 ya baruti. Katika dunia ya kitabu, baruti ililipuka. Dunia ikagawanyika vibaya, uchawi mwingi ukabaki upande mmoja. Jinsi watoto wanavyohangaika kurekebisha jambo hilo, sitasema. Wala sitasema nani aliandika kikaratasi. Nikisema mtaacha kuja.

Hiyo ni hadithi, ya kubuni. Lakini Uingereza hii ya kweli nayo iliua watu kwa shutuma za uchawi. Mwaka 1612, katika kesi ya watu wa Pendle, kumi walinyongwa. Ndiyo, kwa Waingereza adhabu ilikuwa kamba, siyo moto kama wa kitabuni. Ushahidi mkubwa katika kesi hiyo ulitolewa na mtoto wa kike wa miaka kama tisa, akamshtaki mama yake mzazi. Mwaka 1735 Bunge lao lilifuta sheria hizo za kuua.

Na kwetu? Hatuwezi kuwacheka Waingereza. Katika sehemu za Shinyanga na Mwanza, akina bibi wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu. Mwanamke aliyepuliza moto wa kuni miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha, macho yake yawe meupe kwa dawa gani? Mimi sikuja kubishana nanyi kama uchawi upo au haupo. Nauliza tu: yule bibi aliulizwa nini kabla ya kupigwa panga?

Sasa ninyi mmejua kuandika. Katika vijiji vyetu barua zisizo na jina zipo, nazo mnazijua. Zamani aliyetaka kumsingizia jirani ilibidi afungue mdomo, watu wakasikia sauti yake. Siku hizi kipande cha karatasi kinatosha, kinasukumwa chini ya mlango wa ofisi. Ukikiokota, utamwuliza nani maswali?

Nan, yule msichana anayechekwa, ana kipaji kimoja: kueleza mambo. Siku moja, mezani kwa mwalimu mkuu, anaanza kueleza chakula kilivyo kibaya, na kunyamaza hawezi. Hapo nilicheka peke yangu usiku. Kipaji hicho hicho ndicho kinachokuja kuwasaidia wote.

Alhamisi, baada ya kazi za shamba, nitawasimulia sura ya kwanza mpaka ya tatu. Njooni na madaftari. Mama Mwenyekiti ameomba tuanze mapema kabla ya giza, kwa sababu mafuta ya taa yamepungua.