Mita Sitini za Mto ni za Nani?
Mada kuhusu taarifa ya maendeleo ya mwaka na mito ya Manispaa ya Morogoro

Utangulizi

Waandaaji wamenipa mada pana, "Serikali za Mitaa na maendeleo ya mwaka katika mji unaokua", na nusu saa ya kuisema. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa mazingira na mipango miji, kwa hiyo naomba radhi mapema: nitapita mbio pale ambapo nyote mnajua, nikae zaidi pale panaponinyima usingizi. Anayetaka idadi ya madarasa na matundu ya vyoo ataipata kwenye kabrasha la Mkurugenzi, tena imepangwa vizuri kuliko ninavyoweza kuipanga mimi.

Dhana kwa ufupi

Serikali za Mitaa zimo kwenye ibara ya 145 na 146 ya Katiba. Mamlaka za miji zinaendeshwa kwa Sheria Na. 8 ya 1982, na fedha zake kwa Sheria Na. 9 ya mwaka huohuo. Serikali za Mitaa zilifutwa mwaka 1972 kwa sera ya madaraka mikoani. Halmashauri za miji zikarudishwa 1978, kwa kuwa mitaro, taka na barabara za mitaani vilishindwa kusubiri maelekezo kutoka mkoani. Naomba wajumbe walishike hilo. Uchafu wa miji ni moja ya sababu za Baraza hili la Madiwani kuwepo.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuishia Juni 30. Taarifa ya utekelezaji inasomwa kila robo, na ya robo ya nne ndiyo tunayoiita taarifa ya mwaka. Hayo yanatosha.

Mafanikio

Mafanikio yapo, na anayeyakana hajapita Msamvu wala mjini kati. Kituo cha mabasi kimebadilika. Soko Kuu la Chifu Kingalu lilizinduliwa Februari 2021, na wachuuzi waliokuwa wakiuza ndizi kwenye matope sasa wana sakafu na paa. (Nipenyeze jambo: soko letu kubwa lina jina la ukoo wa machifu wa Kiluguru waliosifika kwa kuleta mvua.) Mikopo ya asilimia kumi, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa 2023 na kurejea mwaka uliofuata. Marejesho yake yanahitaji semina ya peke yake.

Mji nao umekua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 315,866 ndani ya Manispaa, ya 2022 ikahesabu 471,409. Kwa miaka kumi tumeongezeka kwa karibu nusu, na milima haikuongezeka, wala mito. Watu hao wamejenga mahali fulani. Wengine wamejenga mahali ninapotaka kupazungumzia.

Mita sitini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Kila mtendaji wa kata anaikariri sheria hii. Wachache wameisoma hadi mwisho. Inachokataza ni shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo. Sasa mkulima wa mchicha anavuna ndani ya mwezi mmoja na kusia upya. Shughuli yake ni ya kudumu au si ya kudumu? Nimemsikia afisa akisema ndiyo na mwingine akisema hapana, wote kwa kifungu kilekile, na mkulima akiwa amesimama katikati yao na kopo la kumwagilia mkononi.

La pili ni kipimo. Mita 60 zinapimwa kutoka ukingoni, na mito yetu haina ukingo unaotulia. Mto Morogoro na Mto Kikundi inashuka kutoka Uluguru kwa kasi, ikifika kwenye tambarare inamwaga mchanga, maji yanatafuta njia nyingine. Masika moja inaweza kuula upande mmoja na kuujaza upande wa pili. Aliyepimwa akaambiwa yuko salama anaamka akiwa ndani ya katazo bila kuhama hata hatua moja. Mwingine anapata shamba jipya lililoletwa na mafuriko, na mwenyekiti wa mtaa anaombwa kugonga muhuri kwenye hati ya mauziano.

La tatu ni thamani. Mita 60 kila upande ni ukanda wa mita 120. Kila kilomita moja ya mto inabeba hekta 12 za ardhi tambarare, yenye maji, karibu na barabara na soko, ambazo kwenye vitabu vyetu haziingizi hata senti. Tusishangae zikipata wenyewe. Ardhi isiyo na mwenye kuitetea hapa mjini haikai misimu miwili.

Hapa ndipo nimehangaika. Nani mwenye mita sitini hizi? Maji yanayopita na vibali vya kuyatumia viko kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Maji yakishaingia bombani ni ya MORUWASA. Msitu wa juu, uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, ni wa TFS. Usimamizi wa sheria ya mazingira kitaifa ni wa NEMC. Barabara, madaraja na mitaro ya mvua tangu 2017 ni ya TARURA, ila taka zinazoziba mitaro hiyo ni zetu. Upande wa milimani ukivuka mpaka unaingia Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, na upande wa Mlali, ambako mto unaokwenda Bwawa la Mindu unaanzia, unaingia Mvomero. Kila mmoja ana sheria yake, bajeti yake na taarifa yake ya mwaka. Wala simlaumu yeyote kati ya hao. Kila mmoja anafanya kile ambacho sheria yake inamtuma. Lakini niliwahi kuitisha kikao cha ukingo wa mto mmoja, na ofisi iliyojiandaa kuliko zote ilikuja na barua inayothibitisha kwamba jambo hilo halimo kwenye majukumu yake. Barua ilikuwa nzuri. Nimeihifadhi.

Tumejaribu nini? Tumeweka bikoni. Kwenye ukingo wa Kikundi nilimkuta mama akifulia juu ya bikoni iliyong'olewa. Hakuwa ameing'oa yeye, aliikuta imelala. Nilipomweleza ni nini, akanijibu kwa upole: "Baba, kama ni yenu chukueni, ila mniletee jiwe lingine." Tumepaka X nyekundu, na X inapauka kwa jua hadi mpangaji mpya anadhani ni namba ya nyumba. Tumeandika mazuio, na barua ya zuio humfikia mjenzi nyumba ikiwa kwenye linta. Tumepanda miti. Kila halmashauri ina lengo la miche milioni 1.5 kwa mwaka, na kwenye taarifa tunaandika miche iliyogawiwa na kupandwa. Safu ya miche iliyo hai mwezi wa tisa, jua likiwa kali na vuli bado, haipo kwenye jedwali.

Halafu kuna sentensi ambayo nimeikuta kwenye taarifa za mazingira za halmashauri nyingi nilizopitia: changamoto, "wananchi kufanya shughuli ndani ya vyanzo vya maji", hatua zilizochukuliwa, "kuendelea kutoa elimu kwa wananchi". Mwaka unaofuata unabadilishwa mwaka, sentensi inabaki. Hao wananchi tunaowaelimisha wanaujua mto kuliko sisi. Wanajua ulifika wapi masika iliyopita, kwa sababu ulifika kitandani.

Nisieleweke kwamba nataka mabavu. Milima hii ina historia. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru na kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali yenye udongo mwembamba. Matuta yalifukua udongo usio na rutuba, watu wakachimba kwa amri na kuvuna hasira. Mwaka 1955 ghasia zikalipuka Matombo, mpango ukafa. Nusu karne baadaye, Kibungo Juu, yalikuja mashirika ya CARE na WWF na njia nyingine: wakulima wanaotengeneza matuta na kupanda miti walilipwa, na miongoni mwa walipaji walikuwamo DAWASCO na Coca-Cola, watumiaji wa maji ya Ruvu huko Dar es Salaam. Ni yaleyale matuta. Tofauti ni kwamba safari hii mkulima aliulizwa, na akalipwa. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba ilikuwa mradi, na mradi una tarehe ya kufunga.

Dar es Salaam nako kuna somo. Nyumba za Bonde la Msimbazi zilivunjwa Desemba 2015 baada ya kuwekwa X, na watu wengi wakarudi bondeni kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda. Baadaye, kwa mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia, nyumba zilithaminiwa na wenyewe wakalipwa ili wahame. Njia hiyo ni ghali. Kwetu bado haijawa ghali kiasi hicho, kwa sababu sehemu kubwa ya kingo zetu ina matuta ya mboga na vibanda, na ghorofa bado ni chache. Nimesema bado.

Mapendekezo

Naanza na lile ambalo mengine yote yanalitegemea. Taarifa ya mwaka ya Manispaa iwe na ukurasa wa mito. Usiwe wa shughuli zilizofanyika, uwe wa hali ilivyo. Zichaguliwe sehemu maalumu kwenye Mto Morogoro, Kikundi na Ngerengere, zipimwe kabla ya masika na baada ya masika, palepale kila mwaka: ukingo uko wapi, kuna majengo mangapi ndani ya mita 60, miti mingapi iko hai, mchanga umejaa kiasi gani chini ya daraja. Nasisitiza palepale. Tukihama hatutakuwa na cha kulinganisha, tutarudi kwenye elimu kwa wananchi.

Pili, Baraza litunge sheria ndogo inayoeleza kwa Kiswahili cha kawaida ni kilimo gani kinaruhusiwa ukingoni, kwa umbali gani na kwa masharti gani. Pendekezo langu, na najua wapo wataalamu watakaolipinga, ni kuacha mita za mwanzo ziwe za majani na miti peke yake, halafu mboga ziruhusiwe kwa kibali cha msimu, bila jembe la kina na bila dawa za sumu. Mkulima mwenye kibali atalinda ukanda dhidi ya mjenzi kuliko mgambo anavyoweza. Mwanasheria wa Manispaa aangalie kwanza kama hilo linasimama mbele ya kifungu cha 57, na kama halisimami, liombewe ufafanuzi wa Waziri kwa maandishi.

Mwenyekiti wa mtaa asigonge muhuri mauziano ya ardhi ya ukingoni. Hili lilikwishaagizwa na linarudiwa hapa kwa makusudi. Anayegonga ajulikane, na hati hizo ziorodheshwe kwenye kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Sambamba na hilo, kila zoezi la urasimishaji wa makazi lianze kwa kuchora mto na mita zake kabla ya kuchora kiwanja hata kimoja. Bikoni za ukingoni ziandikwe na kukabidhiwa kwa jina kwa kaya iliyo jirani nazo.

Mapato ya mchanga yatenganishwe. Halmashauri inayokusanya ushuru wa mchanga na wakati huohuo ndiyo inayozuia uchimbaji mtoni ina mikono miwili inayovutana. Sehemu ya ushuru huo irudi kwenye kingo, kwa kifungu chenye namba yake ndani ya makisio, ili mkaguzi aweze kuuliza imekwenda wapi.

Wenzetu wa Bonde, TARURA, TFS, MORUWASA, NEMC, Mvomero na Wilaya ya Morogoro waombwe kuleta ukurasa wao wa mito kwenye kikao kimoja kwa mwaka, mbele ya Mkuu wa Mkoa. Siombi kamati mpya, tunazo za kutosha. Naomba taarifa zao ziwekwe meza moja na yetu, ili mto unaoanzia milimani na kuishia Mindu au Ruvu usomwe mzima.

Miche ihesabiwe Septemba. Nimekwishalisema, nalirudia.

Wakulima wa juu, wa Luhungo na Mbete hadi ng'ambo ya mpaka, waingizwe kwenye mazungumzo tangu mwanzo, na wazee wa koo wakiwamo, kwa kuwa ardhi ya Uluguru kwa sehemu kubwa inakwenda kwa ukoo wa mama na mtendaji wa kijiji peke yake hawezi kuiahidi. Mamlaka zinazouza maji ya milima hii zifikirie upya malipo kwa wanaotunza miteremko, safari hii kutoka kwenye bili za kawaida.

La mwisho ni gharama, kwa sababu najua ndilo swali la Mweka Hazina. Kipimo cha kwanza cha ukurasa wa mito kinahitaji vifaa vya kupimia ambavyo idara ya ardhi inavyo, gari na mafuta yake, wapimaji wachache, na posho ya siku chache kabla ya masika. Kinaweza kutoka kwenye mapato ya ndani bila kusimamisha mradi wowote. Naomba kisiandikiwe andiko wala kisipelekwe kwa mfadhili.