Mtoto Anayepapasa Jioni



Jua likishatua kule Nyamigogo, kabla taa hazijawashwa, mtazameni mtoto anayetembea uani. Wenzake wanakimbia, yeye anapapasa ukuta na kujikwaa kwenye kinu. Mchana anaona vizuri. Wengine husema ni mzembe, wengine husema amerogwa. Hapana. Jicho lake limekosa chakula.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Ndani yake zimo chembe hai za aina mbili: za kutambua rangi mchana, na za kuona katika mwanga hafifu. Hizi za pili zinazidi milioni 90 kwa kila jicho. Zimebeba rangi ya zambarau iitwayo rodopsini, iliyoundwa kwa protini na vitamini A. Mwanga ukiigusa, kile kipande cha vitamini A kilichopinda hunyooka, na habari hupelekwa kwenye ubongo. Rangi hupauka, kisha huundwa upya. Vitamini A ikipungua mwilini, haiundwi ya kutosha. Ndiyo maana giza la jioni humtangulia mtoto huyu.

Hilo ni onyo la kwanza. Likipuuzwa, jicho hukauka, kioo chake cha mbele hupata vidonda, na mtoto anaweza kupofuka moja kwa moja. Surua huharakisha mambo, maana humaliza akiba ya vitamini A upesi. Katika Hospitali ya Mvumi, Dodoma, madaktari walifuatilia watoto 180 waliolazwa kwa surua, na kutangaza matokeo mwaka 1987. Kati ya 88 waliopewa vitamini A, walikufa 6. Kati ya 92 ambao hawakupewa, walikufa 12. Kumbe tone linalookoa macho huokoa na maisha.

Basi, wazazi, mtoto akishatimiza miezi 6 apelekwe kupata matone ya vitamini A, mara mbili kwa mwaka, na chanjo ya surua asiikose. Nyumbani apewe matembele, kisamvu, papai na viazi lishe vya rangi ya chungwa; viazi vyeupe vinashibisha tu. Mboga itiwe mafuta kidogo, kwani bila mafuta vitamini hii haiingii vizuri mwilini.

Na akianza kupapasa jioni, msimkamulie majani machoni. Kukicha, mpelekeni zahanati.